Dumu Lisilo na Ute

Mwaka wa tisini na nane, hakuna mtu aliyezijua habari za kuhara katika kambi ya Nduta, ya wakimbizi wa Burundi, kama Odilia. Hakuwa daktari wala nesi. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya misheni wilayani Kibondo, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Titye kule Kasulu, na kazi yake ilikuwa kupokea vikopo vya choo cha watoto vilivyoletwa kutoka kambini na kuvipima kwa hadubini. Kila Jumatatu vilikuja kumi na vitano, ishirini, kila kimoja na jina la mtoto kwenye plasta. Majina mengine aliyaona mara tatu, mara nne, kisha hakuyaona tena, na akajizoesha kutouliza.

Ajabu ni kwamba maji ya Nduta yalikuwa masafi. Afisa maji wa kambi, Abbasi, mtu wa Pangani aliyehamishiwa huko juu na kuikuta baridi asiyoizoea, hakuwa mzembe. Kila asubuhi alitia klorini kwenye matangi, kisha akazunguka mabombani na kichupa chake cha kupimia. Alikinga maji, akadondosha tembe ndogo, akatikisa. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo. Bombani waridi ilikolea kila siku.

Odilia akaamua kwenda kupima mwenyewe, ila hakupima bombani. Aliingia katika kibanda cha mama mmoja aitwaye Esteri, ambaye binti yake alikuwa ameshalazwa mara mbili, akaomba maji yaliyotekwa jana yake. Akayatia kwenye kichupa, akadondosha tembe, akatikisa mpaka mkono ukachoka. Maji hayakubadilika hata kidogo.

"Sasa hiyo dawa imepotelea wapi, muganga?" Esteri akauliza.

"Ndilo ninalotaka kulijua, mama. Niazime dumu lako. Nitakuletea jipya."

Akalibeba dumu hadi hospitalini, akalipasua kwa msumeno. Ndani kulikuwa na ute. Ulitanda pande zote, mzito kama ngozi ya uji uliopoa, wa rangi ya matope yenye ukijani, na ulinuka. Mdomo wa dumu ni mwembamba, mkono hauingii. Akina mama wa Nduta walitia kokoto na mchanga wakatikisa, ute ukapungua, na baada ya siku chache ukarudi pale pale. Bakteria walikuwa wameujenga wenyewe, wakaishi chini yake kama watu waliojifunika turubai mvua inaponyesha. Klorini ilipofika iliishia kupambana na ute huo, na waliokuwa chini hawakuhisi kitu.

Odilia alijua sasa adui ni nani, lakini hakujua la kumfanya. Mwezi wa sita akachukua likizo, akapanda basi kwenda kwao Titye.

Jirani wa mama yake alikuwa Dorcas Nduwayezu, aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili na mtoto mgongoni, akapata shamba, akapata uraia, akawa mtu wa Titye kabisa isipokuwa lafudhi. Asubuhi ile Odilia alipokwenda kumsalimu, alimkuta amekaa uani akikata dumu kuukuu kwa panga. Lilikuwa limetoboka chini, akitaka kuligeuza chombo cha kunyweshea kuku.

"Bwakeye, mama."

"Bwakeye neza, mwana wanje," akaitikia kwa Kirundi, yaani mwanangu. "Kaa hapo, usisimame kama mkusanya kodi."

Odilia hakukaa. Macho yake yalikuwa ndani ya dumu. Akainama, akapitisha kidole kwenye ukuta wa ndani. Kidole kililia kwi, kama kwenye sahani iliyooshwa sasa hivi.

"Hili dumu la lini?"

"La mwaka ule mwanangu Harerimana alipooa. Miaka tisa? Kumi?"

"Na lilikuwa la maji?"

"La maji tu. Umeona nini humo, nyoka?"

"Sijaona kitu, mama. Ndiyo maana nauliza. Unaliosha na nini?"

Dorcas akanyoosha kidevu kuelekea ugo wa jikoni. Kulikuwa na mmea unaotambaa, wenye majani madogo mekundu kwa chini, ambao Odilia alikuwa ameupita maisha yake yote bila kuutazama. Waha wa Titye waliuita hivi, Warundi wakauita vile, na mbuzi waliula pasipo kujali jina. Dorcas akaeleza kwamba kila mwezi huponda majani, hutia kwenye dumu na maji, huacha kutwa nzima, humwaga, husuuza mara tatu. "Kwetu tulifanya hivyo kwenye vibuyu. Ili maji yasiwe na utelezi. Basi."

Odilia alirudi Kibondo na mfuko wa majani, na likizo ilikuwa na siku tisa zaidi.

Jaribio la kwanza lilimvunja moyo. Alitia maji ya majani kwenye neli zenye bakteria, nyingine akaziacha bila majani, akaziweka zote kwenye kabati la joto, na kesho yake bakteria walikuwa wameota kama kawaida, wengi, wenye afya. Daktari Longinus, mfawidhi wa hospitali, mtu mwema aliyependa maneno mafupi, alitazama neli moja ya majani kwenye mwanga wa dirisha.

"Hawakufa?"

"Hawakufa."

"Basi hii si dawa, Odilia. Hii ni chai."

Alikuwa akiosha neli zile kwenye sinki, amenuna, alipogundua jambo. Neli zisizokuwa na majani zilikuwa na duara la utando lililong'ang'ania kioo, akalazimika kulisugua kwa brashi. Zile zenye majani zilisuuzika kwa maji tu. Akafunga bomba. Akachukua neli nyingine kumi, akarudia jaribio lote, na mwisho akatia ile rangi ya zambarau wanayotumia kupaka bakteria kabla ya kuwatazama kwa hadubini. Neli tano zilibaki na pete nene ya zambarau. Tano za majani zilitoka nyeupe.

Bakteria walikuwa hai. Ila hawakushikamana.

Wiki iliyofuata alifanya jambo jingine, kwa udadisi tu. Alikuwa na bakteria mmoja aliyempata kwenye maji ya kijito, ambaye akiota sahanini hutoa rangi ya zambarau iliyokolea kama wino. Alimtunza kwa uzuri wake. Akamwotesha, katikati ya sahani akaweka kipande cha karatasi kilicholowa maji ya majani. Kesho yake sahani nzima ilikuwa zambarau, isipokuwa kuizunguka karatasi, ambako palikuwa na duara jeupe, safi, la upana wa sarafu. Alidhani hapo wamekufa. Akachota kidogo, akatazama: wanaogelea. Akawahamishia kwenye sahani mpya isiyo na majani, na zambarau ikarudi yote.

Odilia aliketi akaandika barua ya kurasa mbili kwa Nestori, mwalimu wake wa zamani wa chuo, aliyekuwa sasa Dar es Salaam. Majibu yalichukua wiki tano. Aliyasoma amesimama kwenye kaunta ya posta ya Kibondo, watu wakimsukuma.

"Odilia," mwalimu aliandika, "bakteria akiwa peke yake hajengi utando, kwani hautamfaa. Hutoa kemikali kidogo, kama anayebisha hodi kwa jirani. Wakiwa wachache kemikali hupotea. Wakiwa wengi inajaa, na kila mmoja anatambua: tumetosha. Ndipo wanaanza kazi za pamoja, kama kutoa rangi au kujenga utando. Huko ng'ambo kuna watu wamepata mwani wa baharini unaovuruga mawasiliano hayo. Haumwui bakteria, unamfanya asisikie wenzake. Na wewe unaniambia umepata mmea wa kwenye ugo huko Kasulu? Usiache kazi hii hata wakikucheka."

Akaisoma mara tatu. Kisha akaikunja, akaitia kifuani, akaenda moja kwa moja Nduta kumtafuta Abbasi.

Abbasi alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo Odilia hakulisahau. Kisha akatikisa kichwa.

"Bi Odilia, mimi kazi yangu ni klorini. Miti shamba siitii kwenye maji ya watu. Mtu akiumwa tumbo kesho, nitasema nini?"

"Hawataunywa. Wataoshea dumu, watamwaga, watasuuza mara tatu, ndipo wateke maji yako yenye klorini yako. Sitaki kuiondoa klorini. Nataka ifike mdomoni mwa mtoto."

Abbasi akafikiri. "Nipe barua ya daktari. Na jaribio liwe langu. Madumu nitachagua mimi, alama nitaweka mimi, na wewe hutajua lipi ni lipi."

"Ndivyo ninavyotaka."

Daktari Longinus aliandika barua, kwa sharti moja: majani yachemshwe kwanza, kwa usalama. Odilia hakuona ubaya wake. Akachemsha sufuria mbili kubwa. Abbasi akachagua madumu sitini ya mtaa mmoja, akayaosha yote kwa kokoto, nusu yake akayalowesha kwa maji ya majani, nusu kwa maji matupu. Chini ya kila mkono wa dumu alichora alama kwa msumari, na maana ya alama akaiandika kwenye karatasi aliyoiweka mfukoni. Akina mama wakayatumia wiki mbili. Siku ya kumi na tano yakapangwa mbele ya bomba, na watu wa mtaa mzima wakaja kutazama.

Madumu yote sitini yalikuwa sawa. Maji hayakugeuka waridi katika hata moja. Abbasi alipasua mawili, la majani na lisilo na majani, na ute ulikuwa umeanza kurudi kote kote. Mtu mmoja kwenye umati alicheka. Odilia alisikia masikio yake yakiwaka moto.

"Sina ugomvi nawe," Abbasi alimwambia pembeni, kwa sauti ya chini. "Umejaribu. Lakini usiniombe tena."

Jumamosi ile Odilia alikuwa Titye, ameketi kwenye kigoda cha Dorcas, akisimulia yote bila kujitetea. Alipofika kwenye sufuria, Dorcas aliinua mkono.

"Umefanyaje?"

"Nilichemsha."

"Umechemsha!" Mama yule alipiga mapaja yake kwa viganja. "Yoo! Nani alikuambia uchemshe? Umepika mboga, mwana wanje. Majani yale hayapendi hata jua. Unaponda, unaloweka kwenye maji ya baridi, unaweka kivulini. Ungeniuliza!"

Kweli hakuuliza. Katika maabara hakuwa amechemsha. Alisaga majani mabichi kwa sababu ndivyo alivyoyaleta, wala hakufikiri kwamba tofauti hiyo ina maana. Miaka kumi na miwili ya kazi, na kwa kosa hilo angelimpa mwanafunzi sifuri.

"Mama," akasema, "twende wote Nduta."

Dorcas alikuwa ameapa kwamba akitoka chini ya turubai la ukimbizi hatarudi huko, hata kwa kutembea. Lakini Jumatano alipanda basi na Odilia, na magunia mawili ya majani yaliyofunikwa kwa majani mabichi ya mgomba. Kwenye lango la kambi alisita, akashika mkono wa Odilia kwa nguvu, kisha akaingia. Hawakufika mbali. Esteri alikuja na dumu kichwani, akasikia jinsi bibi huyu anavyosalimia, akatua dumu chini. Wakaulizana vilima vya kwao. Vilikuwa viwili jirani, mtu wa huku akiita wa kule husikia. Dorcas alimkumbatia mwanamke yule ambaye hakuwahi kumwona, na kwa nusu saa Odilia hakuwa na kazi isipokuwa kulinda magunia.

Kwa Abbasi, Odilia hakwenda na maneno mengi. "Kosa lilikuwa langu. Nilichemsha, na moto umeharibu. Huyu ndiye mwenye kuujua mmea. Naomba mara moja tu zaidi, na ikishindikana nitasema mbele ya watu kwamba nimeshindwa."

Abbasi akamtazama Dorcas. Dorcas naye akamtazama, kisha akasema, "Baba, wewe unatia dawa nzuri kwenye chungu kichafu. Huoni huruma?"

Mtu wa Pangani akacheka bila kupenda. "Daktari amekubali yasichemshwe?"

Daktari Longinus alikuwa amekubali. Alikuwa amekwenda mwenyewe maabara, akaomba aoneshwe ile sahani yenye duara jeupe, akaitazama kwa hadubini dakika nyingi, na aliponyanyuka alisema, "Ile chai, nilisema haraka." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Safari hii Dorcas ndiye aliyeongoza. Aliwapanga akina mama ishirini chini ya paa la ghala, wakaponda majani kwenye vinu, na kila aliyeponda kizembe alisikia jina lake. Abbasi akaosha madumu sitini, akaweka alama zake, akaficha karatasi yake. Na wiki mbili zikaanza tena. Odilia alifanya kazi zake maabara, akapokea vikopo vyake, akala bila kuonja.

Siku ya kumi na tano kulikuwa na watu wengi kuliko mara ya kwanza, kwani habari za bibi wa Titye zilikuwa zimeenea. Abbasi alianza upande wa kushoto. Dumu la kwanza: akamimina, akadondosha tembe, akatikisa, akainua kichupa juu.

"Hakuna," akasema. Daktari Longinus akaandika.

La pili, hakuna. La tatu, hakuna. Odilia alikuwa amesimama karibu na Esteri, na hakuthubutu kumtazama usoni. La nne Abbasi alitikisa, akainua kichupa, akakigeuza kwenye mwanga.

Maji yalikuwa ya waridi.

"Ipo," akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo.

La tano, ipo. La sita, hakuna. La saba, ipo, la nane, ipo. Watu wakaanza kusogea. Kufikia la ishirini watoto walikuwa wakiitikia naye kwa kelele kila anaposema, na Abbasi, ambaye hakuwahi kuonekana akiharakisha, alikuwa akitokwa jasho na kutembea kwa hatua fupi za haraka kutoka dumu hadi dumu. Alipomaliza la sitini alitoa karatasi mfukoni. Akapita tena madumu yote, akiyainua na kusoma alama chini ya mkono, midomo ikitembea. Kisha akarudia hesabu tangu mwanzo, na umati mzima ukamngoja.

Hatimaye akasimama kwenye ngazi ya bomba.

"Madumu thelathini yasiyo na majani," akasema. "Yenye klorini ni mawili." Akageuza karatasi. "Madumu thelathini ya majani. Yenye klorini ni ishirini na saba."

Vigelegele vilipasuka kabla hajamaliza neno. Msumeno ukaletwa, madumu manne yakapasuliwa, na akina mama wakapanga foleni kupitisha vidole ndani, wakisikia wenyewe, hili linateleza, hili linalia. Esteri alipitisha kidole chake, akakipeleka puani, hakikunuka kitu. Akamgeukia Odilia na kumnyanyua juu, miguu ikaachana na ardhi, mtaalamu mzima wa maabara na koti lake jeupe. Dorcas alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, mikono imekaa magotini, akicheka peke yake kimyakimya huku machozi yakimtoka.

Abbasi alishuka, akaja kumpa Odilia mkono. "Nilikuambia usiniombe tena," akasema.

"Nilisikia."

"Ahsante kwa kutokusikia."

Mvua za vuli zilipoanza, mtaa kwa mtaa walikuwa wakiosha kwa majani, na mmea umepandwa kwenye ugo wa kila bomba. Vikopo vya Jumatatu vikashuka hadi tisa, hadi sita, hadi viwili. Daktari Longinus akayapanga yote katika ripoti, na mwezi wa pili wa mwaka uliofuata wakaitwa mjini Kigoma kueleza mbele ya wakubwa wa afya na maji wa mkoa. Nestori alikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, akiwa na sahani tatu zenye duara jeupe, alizootesha mwenyewe kwa majani aliyotumiwa. Alizipitisha meza nzima kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mayai.

Odilia alizungumza dakika ishirini. Alieleza utando na mwito wa bakteria, akaeleza sufuria alizochemsha kwa ujinga wake, hakuacha kitu. Abbasi akafuata, akasoma tarakimu zake. Ndipo mkubwa mmoja aliyevaa miwani akauliza swali.

"Nimeelewa sayansi. Lakini hao wananchi, nani atawafundisha? Tuna mtaalamu wa kuandaa mafunzo?"

Dorcas, aliyekuwa ameketi nyuma na kitenge chake cha kanisani, akasimama. Hakungoja kuitwa. Alikuwa amekuja na kinu kidogo ndani ya kikapu, fungu la majani na dumu tupu. Akavitua juu ya meza ndefu, kati ya glasi za maji na mafaili.

"Wewe mwenye miwani," akasema, "vua koti, mwanangu. Njoo uponde."

Yule mkubwa akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akavua koti akalitundika kitini. Akaponda.

"Si hivyo. Unayagonga kama una hasira nayo. Yazungushe. Haya, mwenzako naye aje, yule mwenye tai. Na wewe dada, leta maji, ya baridi!"

Waliinuka mmoja baada ya mwingine, mikono ya mashati imekunjwa hadi viwikoni, wakasimama foleni kuzunguka meza wakisubiri zamu ya mchi, maji ya kijani yakiwarukia vifuani. Abbasi alikuwa wa nne. Odilia alilishika dumu kwa mikono miwili ili wamimine, na alicheka mpaka likawa linatikisika, na Dorcas akamkaripia ashike vizuri.